Maji ya Nesitu Juu ya Magunia Yangu

Tangu nirudi Eldoret, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile: ni kweli nilisafirisha kuni za kupashia nyumba joto mpaka Juba, mji ambao watu wake kutwa wanalikimbia joto? Ni kweli, au karibu na kweli. Nimechoka kusimulia kipande kwa kinyozi na kipande kanisani, kila mara nikiruka mahali ninapoonekana mjinga. Hapa naandika yote kwa pamoja, na mahali hapo sitaparuka.

Kwa wasiozijua, peleti ni vidonge vya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa mashine mpaka ukawa mgumu na wa kung'aa. Kimoja kina unene wa kalamu na urefu wa kifundo cha kidole. Nchi za baridi huzichoma ili watu walale bila koti. Huku kwetu, penye viwanda vya mbao, waokaji wa mikate wameanza kuzitumia kwenye tanuri, kwa sababu moto wake ni mkali na hauna moshi mwingi. Adui yake ni maji. Zikilowa hurudi kuwa unga wa mbao, na hapo huwezi kuzibembeleza.

Mwaka jana niliziandikia makala ya sifa gazetini. Sikuwa nimewahi kuwasha hata moja. Mdogo wangu Rispa, ambaye ana tanuri la mikate mtaa wa Munuki, Juba, aliisoma makala ile akaiamini, jambo ambalo hakuna mwingine katika ukoo wetu amewahi kulifanya. Akaita fundi, tanuri likabadilishwa, mdomo wa kuni ukazibwa kwa matofali. Kisha akapata kazi ya kupeleka mikate kila asubuhi katika shule moja ya bweni ya wasichana, kuanzia Jumatatu ya kufungua muhula. Mtu aliyemwahidi peleti akaacha kushika simu. Rispa akanipigia mimi.

"Profesa," alisema. Mimi si profesa, na yeye anajua. Hilo ni jina analonipa akitaka kunikumbusha mahali pangu. "Wewe ndiye uliandika, sivyo? Basi wewe ndiye utaleta. Jumatatu nisipotoa mkate, mwalimu mkuu anachukua mwokaji mwingine, na mimi nabaki na tanuri la kutazama."

Nikasema nitaleta. Kukata simu ni rahisi sana.

Eldoret hadi Malaba

Habari za makaratasi nawaepusha. Waliozipitia wanazijua, na wasiozipitia waendelee kulala vizuri. Tuanzie Jumatatu asubuhi, magunia mia tatu yakiwa yamepangwa kwenye lori, turubai limefungwa, na mimi nimepanda mbele nikiwa na mto wa shingo ambao mke wangu alisema utanifaa. Ulimfaa dereva. Aliukalia mpaka Juba.

Dereva alikuwa Mganda wa makamo, mpole, mwenye watoto pacha, kwa hiyo kila mtu njiani alimwita Ssalongo, jina la heshima analopewa baba wa pacha. Kabla hatujafika Turbo alikuwa amechokoa kidonge kimoja kutoka kwenye gunia la mfano, akakiuma.

"Mwalimu, hii chakula ya kuku yako haina chumvi."

Nikamweleza kwamba si chakula cha kuku. Nilimweleza kwa muda mrefu, na hoja zilikuwa nzuri. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa kuku wenyewe wako Juba?"

Malaba tulikuta foleni ya malori isiyoonekana mwanzo wake. Tulikaa siku moja na nusu. Nilidhani nitaitumia kuandika. Niliitumia kunywa chai. Madereva wana meko yao chini ya matela, na kila jiko lina desturi yake. Mmoja hutia tangawizi mpaka pua inafunguka, mwingine hataki uulize maziwa yametoka wapi. Walinipa kigoda kwa sababu ya mvi zangu. Mmoja aliponiuliza nimebeba nini, Ssalongo alijibu kabla yangu: "Chakula ya kuku, lakini mwalimu anakataa."

Soroti, Lira, Gulu

Barabara ya kaskazini mwa Uganda ni nzuri kuliko adabu yangu ya kukaa ndani ya lori. Kuanzia Soroti nilikuwa na maumivu mahali ambapo mtu wa umri wangu hataji. Lira tulisimama kula. Mama mmoja mwenye kibanda alinikaangia mayai, akayakunja ndani ya chapati, akanitazama nikila, akakaanga mengine bila kuulizwa. Alisema nafanana na mtu aliyekosewa. Sikumbishia.

Hapo pia ndipo kuku halisi alipokuja akadonoa vidonge vitatu vilivyoanguka chini ya lori. Ssalongo alinigeukia taratibu, akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Kuku akatema cha kwanza, akatema cha pili, akaondoka. Nilimshukuru kuku yule kwa dhati. Mpaka Gulu dereva wangu hakuligusa tena suala hilo.

Nimule

Tulivuka mpaka wa kuingia Sudan Kusini Alhamisi na tukaambiwa tusubiri, kwa kuwa malori yalikuwa yanaachiliwa kwa msafara. Saa ngapi, hakuna aliyejua, na nilipouliza mara ya tatu nilijiona kama mtoto aliye garini. Usiku ule mvua ilinyesha. Nililala na tochi mkononi, nikitoka kila mara kushika chini ya turubai kama mzazi anayeangalia kama mtoto amekojoa. Pakavu. Ijumaa asubuhi msafara ukaanza, manyunyu yakaendelea, na nikaanza kupiga hesabu ya furaha: leo mchana Juba, kesho tunapumzika, Jumatatu mkate.

Kilomita chache kabla ya Nesitu, springi ya nyuma upande wa kulia ilikatika.

Nesitu

Lori liliingia Nesitu likiwa limeinama upande mmoja kama mtu mwenye mfuko mzito. Msafara ukatuacha. Nesitu ni mahali pa kando ya barabara kuu, si mbali na Juba: malori, vibanda vya chai, mafundi wa tairi, na zaidi ya yote makaa. Magunia ya makaa yamepangwa kila upande yakisubiri kupelekwa mjini, na watu wa pale wanaijua kazi ya makaa kama mimi ninavyojua kuchelewesha makala.

Ssalongo alipata bodaboda ya kumpeleka Juba kutafuta springi. Kabla ya kupanda alinishika bega.

"Mwalimu, wewe usitoke hapa. Chunga mizigo tu. Hiyo peke yake."

"Sawa," nilisema.

Mvua ilikatika, jua likatoka kali. Nilisimama dakika kumi na tano. Kisha nikakumbuka kuwa nilisoma mahali fulani kwamba peleti zinahitaji hewa, nikafungua kamba za turubai upande wa kulia na kulikunja juu kidogo. Nilijisikia mtaalamu. Ng'ambo ya barabara mama mmoja alikuwa akiponda maharage ya ful kwa shingo ya chupa, anamimina mafuta ya simsim juu yake, anakatia vitunguu. Nilikuwa sijala tangu jana. Kutoka kwenye benchi lake niliweza kuliona lori, kwa hiyo nilijiambia kuwa sijatoka.

Kisha mama akaniuliza kama Kenya mvua imenyesha, nikamjibu, na nikajibu maswali mengine ambayo hakuuliza. Ninapopata msikilizaji mgongo wangu hugeuka wenyewe. Sijui nilizungumza kwa muda gani. Nilisikia sauti za watu wengi, "Nar! Nar!", na mama akaacha kuponda.

"Moto," aliniambia. "Gari yako."

Niligeuka. Lori langu lilikuwa linafuka.

Nieleze nilichokielewa baadaye, maana wakati ule sikuelewa kitu. Turubai lililolowa mvua lilipigwa na jua kali, likaanza kutoa mvuke mweupe. Kwa mtu wa makaa, kinachofuka juu ya magunia hakina jina jingine. Makaa yaliyopakiwa kabla hayajapoa vizuri huweza kuwaka tena safarini, ndani kwa ndani, na lori likaisha lote. Kwa hiyo wana utaratibu: ukiona linafuka, unapanda, unashika magunia, na ukikuta yana joto unamwaga maji bila kungoja mwenye mzigo. Magunia yangu, yaliyokaa juani chini ya turubai, yalikuwa na joto.

Nilipofika, watu wapatao ishirini walikuwa wamejipanga kutoka kwenye vibanda mpaka kwenye lori, wakipitishiana madumu ya maji. Juu kabisa alisimama mwanamume mrefu mwenye ndevu chache za mvi, mkubwa wa wapakiaji pale, jina lake Lado. Turubai alikuwa amelitupa kando. Alipokea dumu, akalimwaga polepole kwa ustadi, kuhakikisha maji yanaingia katikati ya magunia na hayapotei bure.

"Simama," nilisema, lakini pumzi haikutosha, na ilitoka kama salamu.

"Ustaz, usiogope," Lado aliniambia kutoka juu. "Mimi iko hapa. Moto hapana kula gari yako leo."

Akamwaga jingine.

Nilipanda kwenye tairi. Nilifungua mdomo kueleza, na ndipo nikawaona wanawake wawili wakija mbio na madumu kichwani kutoka kwenye pampu ya kisima, ambako foleni yake niliiona tulipoingia, ndefu kama ya Malaba. Mama wa ful alikuwa amebeba sufuria yake ya maji ya kupikia. Yalikuwa maji yao ya kunywa na ya jioni. Mzee mmoja alikuwa anatoa maji ya kunawia kwenye birika, kidogo kidogo, kwa sababu hakuwa na mengine.

Nilifunga mdomo. Lado alishuka, suruali imelowa mpaka magotini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kwisha. Mwezi iliyopita gari moja iliungua hapa hapa, yote. Dereva alilia kama mtoto. Wewe, Mungu amekuangalia."

"Asante," nilisema. "Asanteni sana."

Nimekuwa mhadhiri kwa miaka ishirini na mbili, na hilo ndilo nililoweza kutoa. Wakanipa kiti. Mtu akaniletea chai. Nyuma yangu, juu ya lori, magunia ya juu yalianza kuvimba taratibu, na moja likapasuka mshono kwa sauti ndogo ya kikohozi.

Ssalongo alirudi Jumamosi asubuhi na springi pamoja na fundi. Alilizunguka lori mara moja. Aliingiza kidole kwenye mshono uliopasuka, kikatoka na uji wa mbao.

"Nilisema uchunge," alisema, si kwa ukali.

"Nilikuwa nakula ful."

Alifikiri. "Ilikuwa tamu?"

Nikasema ilikuwa tamu. Akaenda kujiagizia sahani.

Munuki

Tuliingia Juba Jumamosi alasiri. Rispa alikuwa amesimama langoni na aproni yake, akiwa na wafanyakazi wake, na nadhani walikuwa wamejiandaa kunipigia vigelegele. Aliyatazama magunia ya juu. Kisha akanitazama mimi, na uso wake ukawa ule aliokuwa nao akiwa na miaka sita, nilipokosa kumletea baiskeli niliyomwahidi.

"Ni yote?"

"Sijui."

Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu, pamoja na ful. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. Aliangalia mdomo wa tanuri uliozibwa kwa matofali.

"Keshokutwa wasichana mia nne wanakaa mezani wananingojea," alisema. "Sio wewe, Profesa. Mimi."

Jirani yake ni muuzaji wa sukari kwa jumla, Msomali wa Garissa aitwaye Abdi, mtu mnene wa sauti ndogo. Alikuwa amekuja kuona kuna nini. Alipanda kwenye lori bila kuombwa, akachukua gunia moja kutoka chini upande wa kushoto, akaliinua mpaka sikioni na kulitikisa. Lilitoa mlio wa mahindi makavu kwenye debe.

"Hili zima," alisema. Akatikisa moja la kulia. Kimya. "Hili marehemu. Mwalimu, gari ilikuwa imeinama upande gani ikimwagiwa maji?"

"Kulia. Springi ilikuwa imekatika."

"Walahi, basi ishukuru hiyo springi. Maji yote yamekimbilia kulia."

Tulikaa pale mpaka magharibi, watu sita, kila mmoja na gunia sikioni kama tunaongea nalo kwa simu. La mlio liliwekwa huku, la kimya kule. Safu zote za juu na karibu upande mzima wa kulia zilikuwa zimekwenda. Lakini kushoto na katikati, gunia baada ya gunia, mlio. Niliona midomo ya Rispa ikihesabu kila gunia lililolia. Tulipomaliza, aliwaita wafanyakazi wake kando, wakanong'onezana kuhusu tanuri linakula kiasi gani kwa siku, akarudi.

"Yanatosha wiki tatu. Wiki tatu nitatafuta mengine." Kisha akatazama juu. Mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa mto. "Kama hayatalowa tena."

Ghala lake lilikuwa na sakafu ya udongo na bati lenye matundu. Hapo ndipo Abdi aliponifanyia jambo ambalo sijui nitalilipaje. Aliwaita wapagazi wake, wakahamisha nusu ya sukari yake, wakaibananisha upande mmoja wa ghala lake ili peleti zipate nafasi.

"Sukari na hizi ni ndugu," aliniambia. "Adui yao ni mmoja."

Alinifundisha mambo ya kuhifadhi ambayo nilipaswa kuyajua kabla ya kuandika makala. Chaga za mbao chini, gunia lisiguse sakafu. Gunia lisiguse ukuta, kwa sababu ukuta hulia wakati wa mvua. Acha nafasi ya mtu kupita kiubavu. Usipange mpaka darini. Lililoingia kwanza litoke kwanza. Nilitoa kalamu niandike.

"Usiandike," Rispa alisema. "Beba."

Nikabeba. Magunia tisa, kisha mgongo ukaniomba radhi. Mvua ilianza tukiwa na mawili mkononi, na yale mawili wapagazi waliyafunika kwa mashati yao.

Jumatatu

Mvua ilinyesha Jumapili nzima. Tulikaa ghalani tukiisikiliza juu ya bati, na kila saa Abdi aliingiza mkono kati ya magunia na kuutoa. Mkavu. Mchana tulikula pilau kutoka kwa mke wake, mbuzi akiwa laini kiasi kwamba niliacha kuomba msamaha kwa dakika ishirini nzima.

Jumatatu alfajiri nilikuwa nimesimama mbele ya tanuri nikiwa na hofu ya mtu anayesikia makala yake ikisomwa kwa sauti. Rispa alimimina peleti kwenye pipa la kulishia. Zilishuka kwa mlio ule ule. Akawasha, feni ikaanza, moshi ukatoka kidogo, na kwa muda mrefu sikuona kitu. Kisha moto ukashika, mdogo, wa njano, ukanyooka. Wakaanza kuingiza mikate.

Ya kwanza ilitoka ikiwa imeungua upande. Ya pili ilitoka sawa. Jua lilipochomoza, makreti yalikuwa kwenye pikipiki ya matairi matatu kuelekea shuleni, na Rispa ameketi juu ya gunia tupu, unga nywele zote, akila mkate ulioungua.

"Huu ni wako," alisema, akanikatia nusu. "Uliandika kwamba moto wake ni sawasawa kila upande."

"Nitaandika masahihisho."

"Andika na mengine. Lori la pili litapita njia ile ile, na jua litawaka vile vile. Kabla hujaandika gazetini, nenda ukawaambie watu wa Nesitu."

Nilijaribu kusema kwamba watu wale walifanya wema, na kwamba wema ukiusahihisha unamwumiza aliyeufanya. Nilisema vizuri, naamini.

"Uliogopa," alisema Rispa. "Na wao wakamaliza maji yao bure. Waambie."

Nesitu tena

Jumanne Ssalongo alikuwa anarudi na lori tupu. Rispa alitoa mikate arobaini kutoka tanurini tukiwa tayari tumepanda, akaifunga kwa blanketi. Nyuma tulipakia madumu thelathini ya maji ya kuwarudishia watu wa Nesitu, kutoka kwa gari la maji la mtaani. Mfukoni nilikuwa na peleti sita.

Lado alikuwa anahesabu magunia ya makaa. Alifurahi kuniona, akataka kujua mzigo ulifika salama. Niliomba kikombe cha maji. Tuliketi kwenye benchi la mama wa ful, na watu wakasogea. Niliweka peleti mbili kwenye kikombe, nikakiweka mbele yake, na kwa mara ya kwanza katika safari hii sikueleza kitu.

Vidonge vilisimama kidogo. Kisha vikaanza kunenepa, vikapasuka, vikawa uji. Lado alichovya kidole. Akasugua uji ule kwa dole gumba. Alitazama barabarani mahali lori liliposimama siku ile, akarudi kutazama kikombe.

"Yote?" aliuliza.

"Nusu. Iliyobaki imeoka mkate."

"Na moshi?"

"Turubai lilikuwa linakauka tu. Niliacha mzigo nikaja kula. Kosa ni langu."

Alinigeukia. "Kwa nini hapana sema siku ile? Mimi ilimwaga, ilimwaga, wewe unasema asante."

"Yalikuwa maji yenu ya kunywa."

Lado aliinamisha kichwa, na nikafikiri nimemwumiza kama nilivyoogopa. Akasema, "Malesh, ustaz," yaani niwie radhi, na nikasema hapana, mimi ndiye. Tukabaki hivyo, watu wazima wawili tunagombania kosa, mpaka Ssalongo akachoka, akaleta blanketi akalifungua mezani. Harufu ikatoka. Watu wakacheka. Mama wa ful akaanza kuponda maharage.

Lado alichukua mkate mmoja, akauweka kwenye kiganja, akaupapasa juu na chini kwa uangalifu ule ule aliokuwa nao akishika magunia yangu. Ulikuwa bado na joto. Akanitazama kwa uso mkavu kabisa, huku mkono wa pili ukinyooka kuelekea kikombe.

"Ustaz, hii kitu iko moto," alisema. "Nimwage?"